Neno “Love” na Deni la Mwenye Kulitamka



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanuni hiyo yafaa itumike hata kwa maneno yanayohamia katika lugha yetu. Neno la Kiingereza “love” limekwisha kaa kwetu miaka mingi. Limeandikwa vifuani mwa fulana na nyuma ya pikipiki. Hutumwa kwa ujumbe wa simu kutoka Bugarama hadi Kakola na Kahama. Na magazeti ya udaku yamelizalisha mtoto aitwaye “malavidavi”. Limelala katika nyumba zetu na kula katika vyombo vyetu, lakini ni wachache walioliuliza: wewe mgeni, umekuja kufanya kazi gani?

Swali hilo si la wanafunzi wa lugha peke yao. Katika miji ya machimbo, neno hili limekuwa ufunguo. Kijana aliyetoka mwaloni na fedha ya mgao mfukoni hulitamka asubuhi, na jioni mlango umefunguka. Baada ya miezi tisa huulizwa maana yake, naye hujibu kwamba alisema tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika jambo hili hakuna “kusema tu”. Neno la mapenzi, katika Kiingereza lilikotoka na katika Kiswahili lilikofikia, humwachia msemaji wake deni.

Tuanze kwa kulitendea haki neno lenyewe, kwani si adabu kumlaumu mgeni kabla ya kumjua ukoo wake. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hili lilikuwa “lufu”. Wataalamu wa historia ya lugha hulihusisha shina lake na lile la Kilatini lililozaa neno “libido”, yaani ashiki ya mwili. Lakini wataalamu hao hao huonyesha kwamba shina hilo ndilo lililokipa Kiingereza neno “believe”, yaani kuamini. Basi tangu asili mti huu una matawi mawili: tawi moja ni tamaa, na tawi la pili ni imani. Mwenye kulitamka neno hili huning'inia kwenye tawi mojawapo, na ni haki ya anayetamkiwa kujua ni lipi.

Mwingereza mwenyewe hulitumia kwa upana wa kushangaza. Hulitumia kwa chai yake, kwa mpira wa miguu, kwa mwanawe, kwa mkewe na kwa Muumba wake. Katika mchezo wa tenisi, hata alama ya sifuri huitwa kwa neno hilo hilo. Hata hivyo, palipokuwa na jambo zito alijua kulipa neno lake uzito. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la England cha mwaka 1549, kupenda ni miongoni mwa mambo ambayo bwana na bibi harusi wanaapa kuyatimiza maisha yao yote. Tulizingatie hilo. Mtu hawezi kuapa kwamba miaka ishirini ijayo moyo wake utadunda kama unavyodunda leo, kwa kuwa hilo haliko katika mamlaka yake. Aweza kuapa kwa lile aliwezalo: kwamba atatunza, atavumilia, hatasaliti. Kwa hiyo Waingereza walioapa kiapo hicho hawakuwa wakieleza hali ya kifua chao. Walikuwa wakijifunga.

Nasi je? Kitenzi chetu “kupenda” nacho ni kipana. Twapenda ugali, twapenda kusafiri, twapenda wazazi wetu. Mtangazaji wa redio hutuita “wapenzi wasikilizaji” bila kumtia yeyote wasiwasi, na wapo wapenzi wa Simba na wapenzi wa Yanga. Lakini kitenzi hiki kina maana nyingine, ambayo neno la Kiingereza halina kwa uwazi huo: nayo ni kutaka, kuchagua na kukusudia. Twasema “Mungu akipenda” kwa maana ya akitaka. Twasema “fanya upendavyo” kwa maana ya uchaguavyo. Na tunapoketi msibani, tukisema kwamba ni mapenzi ya Mungu, hakuna mwenye akili anayefahamu kwamba Mwenyezi Mungu ameyafurahia machozi ya wafiwa. Twafahamu sote kwamba ni uamuzi Wake, na kwamba una hekima.

Hili si jambo dogo. Lugha yetu imeiweka hisia na nia katika chungu kimoja. Mwenye kusema “nakupenda” kwa Kiswahili amesema kwamba moyo wake umevutika, na papo hapo amesema: nimekuchagua, nimekukusudia. Sidai kwamba kila msemaji huyafikiria hayo anapofungua kinywa. Nasema kwamba lugha imemhifadhia maana hiyo, apende asipende, na anayeambiwa ana haki ya kuishika.

Wala hatukuazima kwa sababu ya umaskini. Ghala yetu imejaa. Yapo mahaba na huba, yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu. Ipo ashiki kwa mapenzi makali, na shauku kwa moyo unaomngojea aliye mbali. Watu wa pwani wana nyonda. Tuna upendo, neno tunalolitumia zaidi kwa mapenzi ya kindugu yasiyo ya mwili. Kisukuma nacho kina “kutogwa”, na hapa kwetu wasichana wengi huitwa Pendo. Na Kurani Tukufu, katika Sura ar-Rum, aya ya 21, inapotaja kilicho baina ya mume na mke huweka maneno mawili pamoja, mawadda na rahma: mapenzi na huruma. Yapo mafunzo makubwa katika kuyaweka pamoja. Siku ambayo uzuri umepungua, maradhi yameingia na mfuko umekauka, la kwanza hupata msaada wa la pili.

Ikiwa ghala imejaa, kwa nini kijana wetu apitie njia ya Kiingereza? Wengi hujibu kwamba ni fasheni, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini ipo sababu ya ndani zaidi: neno la kigeni ni jepesi kinywani mwa msemaji. Mwaka 2008 Jean-Marc Dewaele, mtaalamu wa Chuo cha Birkbeck, London, alichapisha utafiti kuhusu uzito wa kauli ya “I love you” kwa watu wanaozungumza lugha zaidi ya moja. Waliohojiwa walizidi elfu moja, na kundi lililokuwa kubwa kuliko mengine lilisema kwamba kauli hiyo huwa nzito zaidi katika lugha yao ya kwanza. Nasi tunalijua hilo bila kwenda London. Fedha ya kigeni hutumika ovyo, kwa kuwa mwenye kuitoa haihisi thamani yake mkononi. Kijana anayeona haya kusema “nakupenda”, au kulisema neno hilo kwa Kisukuma, huandika neno la Kiingereza kwenye simu bila mkono kutetemeka. Zile haya anazozikwepa ndizo zilizokuwa ishara kwamba anakaribia kujifunga.

Sasa tuutazame ukanda wetu wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, jirani zetu hapa, mwaka 2001. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yao na wangali wapo. Dhahabu inapotajwa mahali, watu humiminika. Inapokwisha au inapotajwa kwingine, huhama. Mtu aliye Bugarama mwezi huu, mwezi ujao yuko Nyarugusu, na mwakani yuko Chunya. Hakuna dhambi katika kuhama, kwani riziki hufuatwa iliko. Tatizo ni neno lisilohama na mwenyewe. Mwanamume huondoka na koleo lake na godoro lake, na neno lake akaliacha katika simu ya binti, pamoja na mimba ambayo neno hilo lilitangulia.

Tena ajabu ni kwamba watu wa ukanda huu ndio wanaojua kupima kuliko wengine wote. Jiwe hutolewa duarani, hupelekwa karashani, likasagwa, likaoshwa, likatiwa zebaki, likachomwa. Na baada ya taabu yote hiyo mnunuzi haridhiki na mng'aro, huweka mizani mezani. Kwa gramu moja ya dhahabu tunaita moto na mizani. Kwa maisha ya binti na ya mtoto atakayezaliwa, twaridhika na neno moja la kigeni lililoandikwa kwa kidole gumba!

Atasema msomaji: hayo ni mambo ya moyo, nani awezaye kuyadai? Jibu ni kwamba hata sheria ya nchi imekataa kuyaacha yapeperuke. Uingereza, ambako neno hili lilitoka, iliifuta kwa sheria ya mwaka 1970 haki ya kudai fidia mahakamani kwa ajili ya ahadi ya ndoa iliyovunjwa, na tangu mwaka 1971 madai hayo hayasikilizwi tena katika England na Wales. Mwaka huo huo wa 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa, nayo ikaiweka haki hiyo. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mtoto haki ya kutunzwa na baba yake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Walioziandika sheria hizi hawakujaribu kuupima moyo wa mtu. Walitazama mwenendo wake na kauli yake, wakasema: hapa pana deni.

Pamoja na hayo, nachelea nisifahamike vibaya. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba dawa ya neno lililochezewa ni kulinyamazia kabisa, na kwamba mume wa heshima hamwambii mkewe kuwa anampenda. Hao hawakulitoa wazo hilo katika mwenendo wa Mtume Muhammad (s.a.w.). Amr bin al-As alipomwuliza ni nani ampendaye zaidi ya watu wote, alimtaja mkewe, Bibi Aisha, bila kificho na mbele ya mtu wa jeshi. Na aliwaelekeza masahaba kwamba mtu akimpenda nduguye, amjulishe. Kulitamka neno la mapenzi mahali pake ni sunna. Nyumba ambayo binti hajapata kumsikia baba yake akisema kwamba anampenda, wala hajapata kumwona akimheshimu mama yake, imemwacha binti huyo na kiu. Na mwenye kiu hachunguzi kisima. Asishangae mzazi huyo ikiwa neno la kwanza la mapenzi kumfikia mwanawe limetoka kwa mpita njia.

Hapa ndipo wazee tunapotakiwa kujitazama sisi wenyewe, kwa kuwa si haki kumbebesha kijana wa machimboni mzigo wote. Ikiwa mapenzi maana yake ni hiari na uchaguzi, basi hiari hiyo ni ya wawili. Ni mara ngapi ng'ombe wamehesabiwa zizini na binti hakuulizwa? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kama ulivyokuwa wakati huo, asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya nchi, na wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37. Mabinti hao wote hawakudanganywa na ujumbe wa simu. Wako waliotolewa na baba zao, katika hadhara iliyokula na kunywa.

Sheria nayo ilikuwa na ufa. Sheria ya Ndoa iliyolinda ahadi ndiyo iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hali mvulana akitakiwa kufikisha 18. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuupinga ufa huo. Mahakama Kuu ilimpa haki mwezi Julai mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30.

Lakini mwenye imani hakuhitaji kuzingojea mahakama hizo. Khansa binti Khidam alimjia Mtume (s.a.w.) akashitaki kwamba baba yake amemwoza kwa mtu asiyemtaka, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Na kisa cha Barira ni kizito zaidi kwa wale wanaodhani kwamba ukali wa mapenzi huleta haki. Barira alipoachwa huru kutoka utumwani, alichagua kutengana na mumewe, Mughith, ambaye alimfuata katika njia za Madina akilia hata ndevu zikilowa. Mtume alimhurumia Mughith, akamwomba Barira amrudie. Barira akauliza: je, ni amri? Akaambiwa kwamba ni uombezi tu. Akasema kwamba hana haja naye, na neno lake likaheshimiwa. Machozi ya Mughith yalikuwa ya kweli, nayo hayakumpa amri juu ya nafsi ya mwingine. Basi, ikiwa mapenzi ya kweli ya mume aliyelia mbele ya watu hayakumlazimisha mwanamke mmoja, ng'ombe wa mzee fulani watamlazimishaje binti wa miaka 15?

Kwa hiyo makosa mawili yanayoonekana kuwa mbalimbali yana mzizi mmoja. Kijana asemaye “love” na kuondoka amechukua hisia akaiacha nia. Mzee amwozaye binti bila kumwuliza ameshughulikia mkataba, akaiacha hiari ya mwenye kuolewa. Wote wawili wamelikata neno mapenzi katikati, kila mmoja akachukua kipande kimfaacho, na anayebaki mikono mitupu ni binti yule yule.

Tufanye nini basi? Kwanza, tulipe jembe neno hili. Binti anayeambiwa “love” amwombe msemaji alirudie kwa lugha ya mama yake, kisha amwulize maswali matatu: wazazi wako ni nani na wako wapi, unakusudia nini, na lini, na mimi nikikataa, utaniheshimu? Mwenye mapenzi ya imani atayajibu bila hasira. Mwenye mapenzi ya tamaa ataona kuwa maswali ni mengi, na hilo nalo ni jibu.

Pili, wazazi tuyaseme mapenzi nyumbani, kwa ulimi na kwa vitendo, ili watoto wayajue kabla ya kuuziwa ya bandia. Ukipenda boga, penda na ua lake: ampendaye mkewe humpenda na binti yake, na ampendaye binti humwacha shuleni mpaka amalize.

Tatu, masheikh, walimu na viongozi wa mitaa wayazungumze haya waziwazi, hotubani na katika mikutano ya wazazi, pamoja na kuwaeleza akina mama haki zao za kisheria. Mama aliyeachwa na mtoto hana sababu ya kujificha kwa aibu. Aende ustawi wa jamii, aende mahakamani, akadai matunzo ya mtoto wake. Aibu ni ya aliyekopa akatoroka, wala si ya mwenye kudai.

Nne, vijana wa machimboni. Ninyi ni watu wa jasho, na mnajua thamani ya kitu kilichotolewa ardhini kwa taabu. Yatendeeni maneno yenu kama mnavyoitendea dhahabu. Msiyatawanye. Siku mtakayosema, semeni mkijua kwamba mizani iko mezani.

Mwenyezi Mungu, ambaye miongoni mwa majina Yake ni al-Wadud, Mwingi wa Mapenzi, atujaalie ndimi zenye kutimiza zinayoyatamka, na awalinde mabinti zetu dhidi ya maneno matamu yasiyo na mwenyewe. Amin.